Chungu Kimoja, Wagonjwa Wanne: Mwongozo wa Kuendesha Jiko Bila Vita

Mwongozo huu ni wa nyumba ambazo mlango wa friji una karatasi nyingi za kliniki kuliko vyakula vilivyomo ndani. Karatasi ya Bibi inakataza chumvi, ndizi na maji mengi. Ya Baba inakataza sukari, utumbo na bia. Ya Mama inakataza pilipili na kukaa na njaa. Ya kijana wa sekondari inasema anywe maji kwa wingi na ale ashibe. Kila karatasi imeandikwa na mtu aliyesomea kazi yake, na kila moja ina sababu zake. Shida ni kwamba walioziandika hawajawahi kukaa meza moja. Maagizo yao yanakutana jikoni kwako tu, saa kumi na mbili jioni, jiko limeshawaka na mwiko uko mkononi.

Nyumba hiyo si ya ajabu. Iko Mbagala, iko Magomeni, iko Tanga mjini. Presha na kisukari hufuatana sana, mara nyingi ndani ya mwili mmoja, na ndiyo magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuharibu figo. Kwa hiyo Bibi aliyeishi na presha miaka mingi bila dawa huja kuwa Bibi wa presha, figo na moyo. Mwanawe ana kisukari, na juu yake gauti inayomvimbisha kidole gumba cha mguu. Mjukuu ana selimundu, aliyoirithi kwa baba na mama kwa pamoja. Mama ana vidonda vya tumbo. Wa tano ni dada wa kazi, mzima wa afya, ambaye anakula chakula cha wagonjwa wanne na hakuna aliyemuuliza kama ameshiba.

Kanuni ya kwanza: usipike vyungu vinne. Watu wenye huruma huanza hivyo. Sufuria ya Bibi isiyo na chumvi, sufuria ya Baba isiyo na wanga, sufuria ya Mama isiyo na ladha, na sufuria ya wenye bahati. Wiki ya kwanza nyumba nzima inasifiwa na majirani. Wiki ya pili mkaa umekwisha, mpishi ana homa ya uchovu, na Bibi anakula peke yake kwenye kona huku harufu ya pilau la wenzake ikimpita puani. Wiki ya tatu wote wanarudi kwenye chungu cha zamani, chenye chumvi yake na mafuta yake, na karatasi zinabaki kuupamba mlango wa friji. Chungu kiwe kimoja. Tofauti zitokee wakati wa kupakua.

Kikao cha karatasi

Jumapili moja, baada ya ibada au baada ya kufua, bandua karatasi zote uziweke mezani. Mwite kila mgonjwa, na kila mmoja aje na dawa zake mkononi. Mgonjwa atakayesema dawa zake anazijua kwa kichwa aambiwe kwa upole azifuate chumbani.

Sasa tafuta mambo wanayokubaliana wote. Utashangaa ni mengi. Hakuna hata karatasi moja inayodai chumvi zaidi. Hakuna inayotaka soda. Hakuna inayotaka chipsi ziogelee kwenye mafuta. Mambo hayo ndiyo sheria ya chungu, na yanamhusu kila mtu, hata dada mzima na mgeni aliyekuja kulala. Kisha tafuta yanayogombana: maji, potasiamu, wanga, wingi wa chakula. Hayo yahamishie kwenye sahani na kikombe cha mhusika.

Halafu tafuta makatazo yaliyopitwa na wakati, maana katazo nalo huzeeka. Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu huambiwa apunguze nyama na mayai. Siku anapoanza dayalisisi, mahitaji yake hugeuka: mwili sasa unataka protini zaidi, kwa sababu sehemu yake hupotea katika kule kusafishwa. Mgonjwa anayeendelea kuitii karatasi ya miaka miwili iliyopita anajikondesha kwa utiifu. Kila karatasi ambayo haina tarehe irudi kliniki ikaulizwe: je, hili bado lipo?

Katika kikao hicho hicho unaweza kumpunguza mgonjwa mmoja kabisa. Kwa miaka mingi Mama amekatazwa pilipili, limau, maharage, chai na hasira, na bado tumbo linamuuma. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliomgundua bakteria huyo na kazi yake. Marshall alifika hadi kumnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwa jiko lako ni kwamba Mama anatakiwa apimwe, atibiwe kwa dawa za kuua bakteria na za kupunguza asidi, kisha arudi kula kama watu. Pilipili humchoma mwenye kidonda, lakini si yenyewe iliyokichimba. Chungu kimepumua.

Na maadamu dawa ziko mezani, tazama kama kuna diklofenaki inayozunguka nyumbani. Baba aliinunua kwa ajili ya gauti, akampa Bibi kwa ajili ya magoti, Bibi akampa Mama kwa ajili ya mgongo. Kidonge hicho kimoja kinaweza kuchimba tumbo la Mama, kupandisha presha ya Bibi na kumaliza kile kilichobaki cha figo zake. Ukarimu huo uishie kwenye chakula.

Pakiti ya chumvi iandikwe tarehe

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Hakuna familia inayopima chumvi ya mchuzi kwa mzani, nami sikuombi ufanye hivyo. Chukua kalamu tu. Siku unapofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe ubavuni. Watu watano, gramu 5 kila mmoja, ni gramu 25 kwa siku; pakiti iishi siku 20. Ikifa siku ya 11, una habari kamili kuhusu presha ya nyumba yako, na hukuhitaji kumpima mtu mkono.

Hata siku 20 ni kikomo cha juu, kwa sababu chumvi huingia kwa milango mingine pia. Inaingia na mkate wa asubuhi. Inaingia na papa mkavu na ng'onda, na achari. Inaingia na viungo vya pakiti na vya vidonge vinavyotiwa kwenye supu ili inukie kama ya hotelini, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Na inaingia na magadi. Mpishi anayejisifu kwamba hatii chumvi kwenye maharage ya Bibi, lakini anatia magadi ili yaive haraka, ameileta sodiamu ile ile kwa jina jingine, na mwili wa Bibi unavimba vile vile.

Kuna pia ile chumvi ya dukani inayouzwa kwa ajili ya wenye presha, ambayo sodiamu yake imepunguzwa na mahali pake pakawekwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima inaweza kumfaa. Kwa Bibi ni hatari ya kweli: figo zilizochoka hushindwa kuitoa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo hadi kuusimamisha. Baadhi ya dawa za presha, kama losatani, enalaprili na spironolaktoni, nazo huipandisha. Pakiti hiyo isiingie katika nyumba ya mgonjwa wa figo bila daktari wake kuijua.

Ulimi utalalamika. Uache ulalamike. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu ulimi huzoea, na baada ya hapo chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kichungu kwa chumvi. Wakati huo fanya kazi na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima, limau, giligilani na vitunguu vilivyokaangwa taratibu hadi vikawa rangi ya kahawia. Mpishi anayejua kukaanga kitunguu ana nusu ya dawa ya presha.

Maharage ya wote

Hapa ndipo mwongozo unaingia jikoni hasa, nami nitakaa, kwa sababu sufuria moja ya maharage inaweza kulisha karatasi zote nne.

Yaloweke maharage usiku. Asubuhi mwaga yale maji. Yachemshe kwa maji mapya mengi, yakikaribia kuiva mwaga tena, kisha malizia kwa maji mengine. Kuloweka na kumwaga huondoa sehemu ya potasiamu kwa ajili ya Bibi, na hupunguza gesi kwa ajili ya amani ya chumba cha kulala. Usitie magadi, maharage yaliyolowekwa hayahitaji. Usitie kidonge cha supu. Tia kitunguu, saumu, tangawizi, na chumvi ile ya pakiti yenye tarehe, kidogo, mwishoni, ambapo ulimi unaihisi zaidi.

Baba atajitetea kwamba amesikia maharage huamsha gauti. Mwambie kwamba purini zinazotoka kwenye mimea hazina ubaya ule wa purini za maini, figo, utumbo na dagaa, wala ule wa bia. Tena maharage hayapandishi sukari kwa kasi, kwa sababu yana nyuzinyuzi na protini. Baba ale maharage kwa raha, na utetezi wake auhamishie kwenye ile supu ya utumbo anayokunywa stendi asubuhi.

Kisha pakua. Sahani ya Baba: nusu yake iwe mboga za majani, robo maharage, robo ugali au wali. Sahani ya Bibi: wali mweupe, maharage vijiko vichache, na kabichi nyingi. Kabla ya kupakua ya kijana, tenga maharage yake kwenye kibakuli, tia tui zito la nazi, weka kipande cha samaki juu, na ugali usiopimwa na mtu. Yeye anakua, na selimundu inaula mwili wake nguvu. Mtoto wa selimundu akilishwa chakula cha mgonjwa wa kisukari hudumaa. Dada wa kazi ale kama kijana. Pilipili ikae pembeni kwenye kisahani.

Sufuria ndogo ya pili ninairuhusu kwa jambo moja tu, nalo ni majani. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana potasiamu nyingi. Ya Bibi yakatwe madogo, yachemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Ya wengine yapitishwe motoni haraka yasipoteze foliki, ambayo kijana anaihitaji ili kutengeneza damu. Na siku ya kabichi, au ya tango na kitunguu, sufuria ndogo ipumzike.

Mlima wa dona

Kuna imani iliyoenea kwamba mgonjwa wa kisukari akishahamia dona, amemaliza kazi. Baba ameipokea imani hiyo kwa moyo wote. Anakula dona asubuhi, mchana na jioni, tena mlima ambao anayekaa upande wa pili hamwoni uso. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu pumba na kiini vimebaki na sukari hupanda polepole zaidi. Lakini dona ni wanga. Wanga mwingi wa polepole hufika kule kule. Kipimo cha kuanzia ni ngumi yake mwenyewe, na ngumi ikiwa imefumbwa. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Juisi ya maembe iliyosagwa nyumbani kwa mikono safi ya shangazi ni sukari, na nyuzinyuzi zake nyingi zimebaki kwenye chujio.

Bibi, kwa upande wake, hana sababu ya kulazimishwa dona kwa kisingizio cha afya. Nafaka zisizokobolewa zina potasiamu na fosforasi zaidi, na figo zake zimechoka kubeba. Wali mweupe wa Bibi si dhambi, na yeyote anayemkemea mezani asome kwanza karatasi yake.

Sukari yenyewe ihame kutoka kwenye birika kwenda mezani. Chai ikipikwa na sukari ndani, nyumba nzima imepigiwa kura bila kuulizwa. Ikipikwa kavu, kila mmoja anajitilia na kila mmoja anajiona. Soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari. Kwa Baba hiyo ni kugongwa mara mbili, kwa sababu huchochea kisukari na pia hupandisha ile asidi ya yuriki inayoleta gauti.

Lakini usiitupe sukari yote jalalani kwa hasira. Acha kopo dogo mahali panapojulikana na kila mtu, hata mtoto wa darasa la kwanza. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari, hasa akichelewa kula, na figo zikichoka hatari hiyo huongezeka, kwa sababu dawa hukawia kutoka mwilini. Akianza kutokwa na jasho jembamba, kutetemeka, kuongea ovyo au kuwa mkali bila sababu, mpime. Ikiwa chini ya 70 kwa mg/dL, yaani 3.9 kwa mmol/L, au kama huna kipimo, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji. Subiri dakika 15, pima tena, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Sentensi hizi fupi zisomwe kwa sauti mbele ya wote, maana siku itakapotokea, Mama atakuwa sokoni.

Jagi la ugomvi

Kijana wa selimundu anatakiwa anywe maji mengi. Figo zake haziwezi kubana mkojo vizuri, kwa hiyo hupoteza maji kuliko wenzake, na mwili ukikauka chembe nyekundu za damu hujikunja, hukwama kwenye mishipa na kumletea yale maumivu ambayo ni yeye tu anayejua yanavyouma. Baba naye, kwa gauti yake, anahimizwa maji. Bibi amepangiwa kiasi: moyo dhaifu na figo zilizochoka haviwezi kuyatoa maji, yanajaa miguuni na mapafuni. Jagi ni moja, na kila anayepita anamwambia kila anayekaa, "Kunywa maji, maji ni uhai."

Mpe Bibi chupa yake. Kama daktari amesema lita moja, ijazwe lita moja asubuhi. Akinywa kikombe cha chai, kikombe kama hicho kimwagwe kutoka kwenye chupa. Akinywa uji, vivyo hivyo. Supu vivyo hivyo. Hata barafu anayomumunya. Jioni chupa ndiyo inayosema kilichobaki, na wajukuu hawana haja ya kumhoji mtu mzima. Kiu yake ipunguzwe kwa kusukutua mdomo na kwa kupunguza chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayomtuma kwenye maji. Kila asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, apande kwenye mzani. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hajanenepa: ni maji hayo, na kliniki ijulishwe siku ile ile.

Dafu ni la kijana na la Baba. Ni kinywaji kizuri cha pwani yetu, na kwa sababu hiyo hiyo wageni humletea Bibi. Maji yake yana potasiamu nyingi. Bibi aletewe tufaha au kipande cha nanasi.

Wageni, shangazi na sinia

Mgeni mwema wa Kiswahili haendi mikono mitupu kwa mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari hupata juisi ya boksi, biskuti na glukosi ya unga, na mgonjwa wa figo hupata chane la ndizi na maparachichi. Usimwaibishe mtu mlangoni. Mgeni anapopiga simu kuuliza "Nilete nini?", jibu lako liwe tayari: limau, kabichi, mayai, au vile vipande vya kupimia sukari ambavyo kila mwisho wa mwezi havipo. Watu wanapenda kuambiwa kinachofaa. Wakinyamaziwa ndipo wananunua biskuti.

Shangazi atakuja na mti. Shangazi wa nyumba hii ana mlonge wa presha, mdalasini wa sukari, maji ya bamia ya figo, na chupa moja isiyo na jina ambayo ni ya yote. Anampenda kaka yake na hataki kumwona anaumwa. Heshima yake ibaki palepale. Lakini kila anacholeta kipelekwe kliniki kikaonyeshwe kabla ya kunywewa, kwa sababu baadhi ya mimea huumiza figo na mingine hushusha sukari au presha juu ya ile iliyokwisha kushushwa na dawa. Hata mabirimbi yetu, yanayopendeza kwenye mchuzi wa samaki, yana asidi ya okzaliki nyingi kiasi kwamba watu waliokunywa maji yake yaliyokamuliwa kwa wingi wamewahi kuharibikiwa figo. Mpe shangazi kazi inayolingana na mapenzi yake: kila jioni atembee na kaka yake nusu saa. Mguu wa shangazi huyo unashusha sukari kuliko chupa yake.

Ramadhani nayo ina wageni wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mwenye insulini, figo au selimundu aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Daktari akimruhusu Baba kufunga, apime mchana. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba kuchoma kidole hakuvunji saumu. Sukari ikishuka chini ya 70 au ikipita 300, anafungua palepale. Na futari yetu itazamwe upya: mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na tambi kwenye mkeka mmoja ni wanga watano waliokuja kumsalimu mgonjwa mmoja. Achague mmoja, tende moja au mbili, supu, samaki, mboga. Bibi tende azipite, kwa ajili ya potasiamu.

Shida ya sinia ni kwamba haipimiki. Hakuna ajuaye nani kala nini. Sitaki nyumba ivunje sinia na kila mtu aende na sahani yake chumbani, maana kula pamoja ni dawa ya upweke, na mzee mpweke huacha kula. Kaeni kwenye mkeka mmoja, kwa bismillahi moja, kila mtu na sahani yake mbele yake. Sinia litoke kwa wageni na sikukuu, na siku hiyo sahani ya Baba ipakuliwe kwanza.

Usiajiri polisi

Kila nyumba huwa na mtu anayejiteua kulinda mdomo wa mgonjwa. Anahesabu maandazi, ananusa pumzi, anatoa ripoti kwa simu hadi kwa ndugu walioko Mwanza. Matokeo yake yanajulikana: Baba anaanza kula njiani. Anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, anakula chipsi mayai na soda, anajifuta mdomo, kisha nyumbani anakula robo ya ugali kwa unyenyekevu mkubwa.

Hatari yake ni kubwa kuliko chipsi zenyewe. Kliniki, daktari anaona sukari iko juu ilhali mgonjwa anaapa kwamba anakula vizuri. Anaongeza dozi. Siku ambayo Baba hana pesa za chipsi, dozi ile kubwa inakutana na tumbo lenye robo ya ugali, na usiku wa manane anapatikana ameloa jasho hajitambui. Watu wamekufa hivyo, na waliozikwa walikuwa na familia zilizowapenda hadi zikawafanya waogope kusema wamekula nini.

Kwa hiyo mwache Baba aseme. Akisema amekula chipsi, apimwe, iandikwe, atembee na shangazi, yaishe. Chipsi za mwezi mara moja ziwe kwenye ratiba, zipikwe nyumbani, na zisiwe siri.

Anayepika aende kliniki

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ninalolitaka kuliko yote. Siku ya kliniki Baba huenda na Baba. Bibi husindikizwa na mjukuu mwenye nafasi, yaani mwenye simu. Mtaalamu wa lishe anaeleza vizuri kabisa, anachora sahani, anagawa vipimo, na wote wawili wanaitikia. Wakifika nyumbani wanamwambia mpishi, "Wamesema tupunguze vitu." Vitu gani? "Vile vya siku zote."

Mpishi, awe Mama, dada wa kazi, binti au mkwe, ndiye anayeshika chumvi, mafuta, kijiko cha kupakulia na maji ya maharage mara mbili kwa siku. Ndiye daktari wa zamu wa nyumba hii, na hakuna aliyewahi kumsomesha. Akiumwa yeye, karatasi zote nne zinasimama siku ile ile. Mlipieni nauli. Aingie chumba cha daktari, aulize kwa kinywa chake: mchicha huu nimwage maji au nisimwage? Magadi je? Dagaa wakavu nikiwaloweka watamfaa nani? Mtaalamu wa lishe akisikia maswali hayo, atajua yuko na mtu wa kazi yake, na atajibu kwa majina ya vyakula vyenu.

Basi tarehe ya kliniki ijayo iangalieni leo, na tangu sasa mpangeni atakayeinjika sufuria siku hiyo, kwa sababu mpishi hatakuwepo.